Tembe za kupanga uzazi: nani asizimeze, na dalili zipi si za kungoja?

Mhudumu_Kayole

Habari zenu wote. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Kayole. Nina kikao na akina mama wa chama kimoja, nao wameomba tuzungumze juu ya tembe za kupanga uzazi, zile za kumeza kila siku. Wengi wao hununua kemisti: mtu anataja jina, anapewa pakiti, anaondoka. Hakuna anayeulizwa kama ana presha, kama ananyonyesha, wala kama anatumia dawa nyingine.

Sitaki kuwatia hofu wakaacha kabisa, maana mimba isiyotarajiwa nayo ina hatari zake. Wala sitaki waondoke wakiamini ni dawa ambayo kila mtu anaweza kumeza tu. Kwenye mkoba wetu tuna mashine ya presha, kwa hivyo kuna la kufanya hata kabla mtu hajafika kliniki.

Naomba mnisaidie. Ni mama yupi asiguse tembe hizi? Ni usumbufu upi wa kuvumilia, na kwa muda gani? Ni dalili zipi zinamaanisha hospitali leo hii? Kuhusu kusahau, kila mtu huwaambia lake, ningependa kujua lipi ni lipi. Halafu kuna mmoja ameanza dawa za TB na bado anameza tembe. Zinapatana kweli?

Nesi_Umoja

Dada, jambo la kwanza kwenye kikao hicho liwe kuwaonyesha kwamba tembe ni za aina mbili, kwa sababu hatari zake hazifanani hata kidogo.

Aina inayotumika zaidi ina homoni mbili, estrojeni na projestini. Microgynon iko hapa: kila tembe yenye homoni ina mikrogramu 30 za ethinilestradioli na mikrogramu 150 za levonojestreli. Pakiti yake ina tembe 28. Tembe 21 zina homoni, na 7 za mwisho, zile za kahawia, ni za madini ya chuma tu. Aina ya pili ina projestini peke yake, kama Microlut: tembe 35, zote zina homoni, na hakuna wiki ya kupumzika. Waambie waje na pakiti zao, wazigeuze wasome nyuma. Utashangaa wangapi wanameza moja wakidhani ni nyingine.

Hatari kubwa karibu zote hutokana na estrojeni. Inaongeza uwezo wa damu kuganda ndani ya mishipa na inaweza kupandisha presha. Kwa hivyo ukimuuliza mama maswali, lengo lako ni kujua kama estrojeni inamfaa.

Asipewe tembe za homoni mbili mama ambaye amewahi kugandwa na damu mguuni au mapafuni, amewahi kupata kiharusi au ugonjwa wa mishipa ya moyo, ana saratani ya matiti, ana ugonjwa mkali wa ini, au ana kisukari kilichokwisha kuharibu macho, figo au neva. Mwenye miaka 35 kwenda juu anayevuta sigara asipewe pia, na hatari ni kubwa zaidi akifikisha sigara 15 kwa siku. Shisha ni tumbaku, ihesabuni.

Anayenyonyesha: wiki 6 za kwanza hapana kabisa, na hadi mtoto afikishe miezi 6 ni afadhali apewe Microlut au njia nyingine. Asiyenyonyesha asubiri angalau wiki 3 baada ya kujifungua, na kama alipasuliwa, ana uzito mkubwa au alikuwa na presha ya mimba, asubiri wiki 6. Katika majuma hayo damu huganda kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake.

Kipandauso ndicho watu hukiuliza vibaya. Ukimuuliza mama "huumwa na kichwa?" kila mmoja atasema ndiyo, na hutapata kitu. Muulize hivi: kabla kichwa hakijaanza kuuma, huwa unaona vimulimuli, au mistari ya mwanga iliyopindapinda, au doa linaloanza dogo na kupanuka hadi huoni vizuri upande mmoja? Je, mkono au upande wa uso hufa ganzi, au maneno hukataa kutoka? Mambo hayo kwa kawaida hudumu dakika 5 hadi saa moja, kisha kichwa ndipo kinapoanza. Akisema ndiyo, estrojeni hapana, hata akiwa na miaka 20, kwa sababu hatari ya kiharusi inapanda. Microlut anaweza kupewa.

Sasa mashine yako. Aliyetoka kupandisha mitungi ya maji hadi orofa ya nne usimpime papo hapo. Akae dakika 5, mgongo uegemee, miguu yote miwili chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee naye. Awe amekwenda haja ndogo. Asiwe amekunywa kahawa, kuvuta sigara wala kutafuna miraa nusu saa kabla, na miraa hasa huweza kupandisha kwa muda mrefu zaidi, kwa hivyo aliyekuwa akitafuna mpime siku nyingine. Kitambaa kisizungushwe juu ya sweta. Mwenye mkono mnene anahitaji kitambaa kikubwa, maana kidogo hutoa namba za juu za uongo. Pima mara mbili, uache dakika moja au mbili katikati.

Chini ya 140/90, presha haimzuii. Ikifika 140 juu au 90 chini, hata kama ni moja tu kati ya hizo mbili, tembe za homoni mbili si chaguo zuri, mpeleke kliniki achaguliwe njia nyingine. Ikifika 160 au 100 asipewe kabisa, na aonwe siku hiyo hiyo kwa ajili ya presha yenyewe.

Usumbufu wa kawaida: kichefuchefu, matiti kuuma, matone ya damu katikati ya mwezi, kichwa kuuma kidogo, hisia kubadilika. Mwingi hupungua ndani ya miezi 3. Kichefuchefu hupungua mno akimeza usiku baada ya chakula badala ya asubuhi tumbo likiwa tupu. Madoa meusi usoni huzidi juani, na yakianza kukolea afadhali abadilishe njia, kwa sababu huchukua muda mrefu kufifia. Huzuni nzito isiyoisha si ya kuvumilia miezi 3, aje tuongee mapema. Kuhusu unene, utafiti haujaonyesha kwamba tembe hizi humnenepesha mtu sana. Wengi hulinganisha na sindano, na sindano kweli huongeza uzito kwa baadhi ya watu.

Mfamasia_Ngara

Nesi amemaliza upande wa nani apewe. Nichukue kusahau na dawa nyingine.

Kusahau hueleweka mtu akijua sababu. Homoni zinatakiwa kumezwa siku 7 mfululizo ndipo ovari zitulie zisitoe yai. Zikitulia, zinaweza kukaa siku 7 bila homoni, ambazo ndizo zile siku za tembe za kahawia. Siku ya 8 na ya 9 bila homoni ovari zinaanza kuamka. Kwa hivyo tembe mbaya zaidi kusahau ni za mwanzo wa pakiti mpya na za mwisho katika zile 21, kwa sababu zinarefusha lile pengo la siku 7. Na hapo ndipo watu husahau zaidi: pakiti imeisha Ijumaa, kemisti amefunga, "nitanunua Jumatatu." Waambie pakiti ya pili inunuliwe ya kwanza ikiwa bado na tembe za homoni.

Akisahau moja, aimeze anapokumbuka, hata kama ni mbili siku moja, kisha aendelee kama kawaida. Hahitaji kinga nyingine.

Akisahau mbili au zaidi mfululizo, ameze moja mara moja, aendelee na moja kila siku, na atumie kondomu au ajizuie siku 7 zinazofuata. Asimeze zote alizosahau kwa pamoja, atatapika bure. Kuna miongozo inayoanza kuhesabu kwenye tatu. Mimi hufuata ule mkali wa mbili, hasa kwa mtu asiyekumbuka sawasawa. Kama alisahau katika wiki ya tatu ya pakiti, amalize za homoni, atupe za kahawia, aanze pakiti mpya kesho yake bila pengo. Hedhi haitatokea mwezi huo na si tatizo. Kama alisahau katika wiki ya kwanza na alikuwa na mwenzake bila kinga ndani ya siku 5 zilizopita, azungumziwe dawa ya dharura.

Za kahawia zikisahaulika, hakuna kilichoharibika. Azitupe, ila asichelewe siku ya kuanza pakiti mpya.

Akitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza, ameze nyingine. Akitapika au kuhara sana kwa zaidi ya siku 2, ahesabu kama amesahau tembe hizo.

Microlut sheria yake ni kali zaidi: ikichelewa saa 3, anameza mara moja na kutumia kondomu siku 2. Kituo kikikosa Microgynon na mama akapewa Microlut, lazima aambiwe hili, pamoja na kwamba hakuna tembe za kahawia. Nimeona maelezo hayo yakirukwa sana, na hapo ndipo mimba hupatikana mtu akiwa anameza dawa kila siku.

Dawa za TB: rifampisini haipatani na tembe, ziwe za homoni mbili au moja. Inalifanya ini kuvunja homoni haraka hadi zinabaki kidogo mno mwilini. Dawa ya TB yenyewe haiharibiki, tembe ndizo zinazopoteza nguvu. Huyo mama atumie kondomu kuanzia leo, na aende kliniki abadilishiwe sindano ya Depo au koili ya shaba, ambazo rifampisini haiziharibu. Asiache dawa za TB hata siku moja. Akimaliza matibabu, asubiri wiki 4 zaidi kabla ya kurudia kuamini tembe, kwa sababu ini huchukua muda kurudi hali yake.

Dawa kadhaa za kifafa hufanya vivyo hivyo: kabamazepini, fenitoini, fenobabitali. Lamotrijini ni kinyume, yenyewe ndiyo hupunguzwa na estrojeni, na mgonjwa anaweza kuanguka kifafa kilichokuwa kimetulia. Kwa ARV, dolutegraviri haina shida na tembe. Amoksilini na antibiotiki nyingine za kawaida hazipunguzi nguvu ya tembe, ule ni uvumi wa miaka mingi, ila zikimharisha sana sheria ya kuhara inamhusu.

P2 ni ya dharura. Miligramu 1.5 za levonojestreli, mapema iwezekanavyo, na ndani ya saa 72 inafanya kazi vizuri zaidi. Akiimeza kwa sababu alisahau tembe, aendelee na pakiti yake siku hiyo hiyo au kesho yake na atumie kondomu siku 7. Mtu anayenunua P2 kila wiki hajapata njia ya kupanga uzazi, msaidie kuipata.

La mwisho, na tafadhali ulitilie mkazo. Kuna tembe za Kichina za kumeza mara moja kwa mwezi, mtaani huitwa Sophia. Hazijasajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Zilipopimwa zilikutwa na levonojestreli na kinestroli kwa viwango vikubwa, na kinestroli ni estrojeni inayojificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole. Maana yake mama akipata dalili za hatari hawezi hata kuacha, tayari imo mwilini. Anayenyonyesha ndiye wa kwanza kukatazwa.

Tabibu_Huruma

Dalili za kwenda hospitali leo hii. Ningewafundisha kwa kushuka mwilini kutoka kichwani hadi mguuni, ni rahisi kukumbuka.

Kichwa: maumivu makali ya ghafla ambayo hajawahi kuyapata, au kipandauso cha vimulimuli kinachotokea mara ya kwanza baada ya kuanza tembe. Uso kupinda, mkono kukosa nguvu, ulimi kuwa mzito. Macho: kupoteza kuona, hata kwa dakika chache, au kuona vitu viwili viwili. Kifua: kuishiwa pumzi ghafla, kuchomwa anapovuta hewa, kukohoa damu. Tumbo: maumivu makali, hasa juu upande wa kulia, au macho kuwa manjano. Mguu: kwa kawaida mmoja, shavu la mguu linauma, limevimba kuliko la pili, lina joto. Asiukande wala kuuchua mguu huo kwa mafuta. Aache tembe, aende moja kwa moja kwenye hospitali yenye huduma ya dharura, na amwambie daktari kwa mdomo wake, "ninameza tembe za kupanga uzazi." Wengi hawaihesabu kama dawa, wakiulizwa wanatumia dawa gani wanasema hakuna.

Ili msiwatishe, wapeni namba. Kati ya wanawake 10,000 wasio wajawazito na wasiotumia homoni, takriban 2 hugandwa na damu kwa mwaka. Kwa wanaomeza tembe zenye levonojestreli ni 5 hadi 7. Kwa zile zenye drosipirenoni au desojestreli, ambazo kemisti za mjini huziuza ghali kidogo na kuzisifia kwa ngozi nzuri, ni 9 hadi 12. Ujauzito wenyewe na majuma baada ya kujifungua huwa na hatari kubwa kuliko hizo zote. Hatari iko juu zaidi mwaka wa kwanza, na hurudi juu kila anapoacha kwa mwezi au zaidi kisha kuanza tena. Kwa hivyo ile tabia ya "kupumzisha mwili" miezi miwili mitatu haina faida, inamrudisha tu mahali penye hatari zaidi, na mara nyingi inampa mimba.

Akipangiwa upasuaji mkubwa utakaomlaza kitandani, amwambie daktari mapema. Estrojeni husimamishwa wiki 4 kabla, na apewe njia nyingine. Safari ndefu ya basi kama ya Mombasa, ashuke atembee kila basi linaposimama, na asijinyime maji.

Saratani wataiuliza, hakikisheni wanajibiwa kikamilifu. Tembe hizi hupunguza saratani ya ovari na ya ukuta wa mfuko wa uzazi, na ulinzi huo hubaki miaka mingi baada ya kuacha. Hatari ya saratani ya matiti huongezeka kidogo anapotumia na hushuka baada ya kuacha. Ya mlango wa uzazi huongezeka kwa anayetumia miaka 5 na zaidi, kwa hivyo uchunguzi wa mlango wa uzazi usirukwe. Na hapana, tembe hazilundikani tumboni wala hazileti utasa. Akiacha, anaweza kushika mimba mwezi huo huo. Wala hazimkingi na HIV au kaswende, kondomu ibaki palepale.

Mhudumu_Kayole

Asanteni sana, nimeandika yote. Mawili yamebaki. Kuna mama wa miaka 38, anameza Microgynon miaka kadhaa, havuti sigara. Nimempima vile Nesi alivyoeleza nikapata 146/92, na mara ya pili 144/92. Hasikii chochote, anasema yuko sawa. Nimwambie aache leo? Mwingine yuko mwezi wa pili, anatokwa na matone ya damu, na kila yanapotokea anaacha tembe "damu itulie" kisha anaanza tena.

Nesi_Umoja

Presha kwa kawaida haisikiki, kwa hivyo "niko sawa" yake isikutulize. Lakini usimwachishe leo akabaki bila kitu. Mpime siku nyingine mbili, uandike namba na saa, mpeleke kliniki na karatasi hiyo wiki hii. Ikibaki hapo juu, aache estrojeni. Anaweza kuhamia Microlut, na ahamie bila pengo: leo tembe ya homoni ya Microgynon, kesho Microlut. Kama alikuwa kwenye zile za kahawia, kondomu siku 2 za kwanza. Mwambie mapema kwamba hedhi ya Microlut haina ratiba, isije ikamshtua. Presha ipimwe tena baada ya miezi 3. Isiposhuka, basi haikuwa tembe peke yake, anahitaji matibabu ya presha.

Namba ikija 160/100 kabla ya kliniki, au aumwe na kichwa sana, asingoje.

Mfamasia_Ngara

Huyo wa pili, kuacha ndiko kunakomtoa damu. Homoni ikishuka ghafla, ukuta wa mfuko wa uzazi unabomoka, anaona damu, anaacha tena. Na kila anapoacha siku kadhaa anaweza kushika mimba, kwa hivyo apimwe mimba kwanza. Kama hana, aendelee moja kila siku, saa ile ile, hata damu ikionekana, na kondomu siku 7 za mwanzo. Aweke alamu kwenye simu, au ameze wakati wa taarifa ya habari ya usiku.

Muulize pia kama anatumia dawa za TB au za kifafa, maana matone ya damu huweza kuwa ishara kwamba homoni hazitoshi. Yakipita miezi 3, au damu ikimtoka baada ya kukutana na mwenzake, au ukeni kukawa na uchafu wenye harufu, hiyo si kazi ya tembe tena. Atazamwe mlango wa uzazi.

Tabibu_Huruma

Naongeza moja tu kwa huyo wa 146/92. Muulize kama anameza diklofenaki au ibuprofeni kila siku kwa ajili ya mgongo au magoti. Hizo nazo hupandisha presha, na kliniki wasipojua watalaumu tembe peke yake. Aende na dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata za mitishamba.